Mota ya Bega

Awuor,

Mpango umepita. Jana Ijumaa, saa tano asubuhi, Mwalimu Marwa aligonga muhuri kwenye ukurasa wa kwanza, akanirudishia karatasi na kuniambia nianze kukata alumini Jumatatu. Nilidhani nikishatoka kwenye kile chumba miguu yangu itatulia. Haijatulia. Leo nimeenda karakana mara tatu, na najua vizuri kwamba Jumamosi haifunguliwi. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Nimepanga skrubu zetu kwa urefu, nikazimwaga, nikazipanga tena kwa unene. Sasa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, daftari la mradi liko magotini, na nimeamua nikuambie yote kwa mpangilio, kwa sababu hukupenda mtu aanzie hadithi katikati. Ungenikata kauli. "Akoth, rudi nyuma. Nani alifanya nini kwanza?"

Haya. Kwanza kulikuwa na mama yangu.

Unakumbuka mwanzo wa mwaka huu wa mwisho, wavulana wa darasa letu walikimbilia pampu za maji na mageti yanayojifungua yenyewe. Mimi nilitaka mkono wa roboti. Ukaniuliza, mkono wa kufanya nini? Nilitaka tu kuona kitu kikiinuka. Ndipo nikakuambia habari ya mama pale Uriri, jinsi anavyosimama mbele ya karai la sukari nguru, akichota shira inayochemka kwa kopo lenye mpini mrefu na kuimimina kwenye visanduku vya mbao. Na jinsi siku moja mguu uliteleza, shira ikamwagikia mkono wake. Maji ya moto huanguka chini. Shira hushika ngozi na kuganda pale pale. Kovu lake linaanzia kwenye kiwiko hadi karibu na vidole. Ulifunga daftari ukasema, "Twende tukamwone akifanya."

Ulikaa pale kiwandani mchana kutwa, moshi wa makapi ya miwa ukikuingia machoni, ukamuuliza mama maswali ambayo mimi binti yake sikuwahi kumuuliza. Kopo likijaa lina uzito gani. Anamimina mara ngapi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Anajuaje kwamba shira imeiva. Kwa hilo la mwisho alikupa kipande, nawe ukakitia mdomoni kabla hakijapoa. Jioni nzima ulikuwa ukiongea kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, na bado ukaendelea kuuliza. Mama akakuita nyar Mbita, binti wa Mbita, na tangu siku hiyo akinipigia simu alikuwa anaanza na habari zako, mimi baadaye.

Tuligawana kazi bila kuandikiana. Wewe upange, mimi nikate na kutoboa. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na viungo sita na vidole vitano. Hukucheka. Ulichukua rula ukachora safu pembeni. "Kila kiungo ni mota. Kila mota ni pesa, na pia ni uzito ambao mota iliyo nyuma yake lazima iubebe." Kisha ukaniuliza, kopo la mama lina nini? Nikasema lina mpini. "Basi mpini unataka ndoana, hautaki vidole." Vidole vyangu vitano vikafa pale pale kwenye ukurasa wa kwanza. Tukabaki na viungo vinne: kiuno cha kuzunguka, bega, kiwiko, na kifundo cha kumimina. Ukaniambia bajeti ya mkono huanza na bega, kwa sababu bega linabeba kila kitu kilicho mbele yake, na pesa ikiisha tukiwa tumefika kwenye ndoana, hata waya wa kutundikia nguo unaweza kuwa ndoana.

Mota ya bega ndiyo ilikula karibu theluthi ya pesa yetu, ile ya omena, dagaa anaouza mama yako, na ile ya watu niliowasuka nywele likizoni. Vingine tulivitafuta mjini Migori. Yule fundi wa redio alitaka kutuuzia printa mbili mbovu kwa bei ya ajabu, ukamwambia kwa adabu kabisa kwamba bei hiyo ni nzuri kwa printa inayochapisha. Akakuangalia sana. Mwishowe akatupa zote mbili kwa bei ya moja, na akaongeza kisanduku cha umeme cha kompyuta ya zamani, nadhani ili tuondoke. Fundi wa madirisha akatupa vipande vya alumini bure, kwa sharti kwamba tukimaliza tumpelekee aone.

Halafu ukatengeneza ratiba. Wiki kumi na mbili. Na sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikiparuka kila ninapojisimulia mambo haya.

Kila wiki uliacha siku mbili tupu. Katika kila nafasi tupu uliandika neno moja dogo kwa penseli: mvua. Nilikuuliza, ukasema kila mpango mzuri una siku za mvua. Mimi nilikuwa na haraka. Unanijua. Niliona wiki kumi na mbili zikigeuka kuwa nane, niliona wavulana wa meza ya jirani tayari wanachomelea vyuma, nikakuambia mbele yao, kwa sauti ambayo walisikia, "Mkono huu tunautengeneza ndani, chini ya bati. Mvua inatuhusu nini? Kama umechoka, sema umechoka, usisingizie mawingu."

Mmoja wao alicheka. Ulitoa kifutio ukaanza kufuta mvua, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na mbili, bila kuharakisha. Ukapuliza vumbi la kifutio. "Haya. Tufanye bila mvua."

Tukafanya. Wiki tatu, kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa. Nilikuona ukikaa kwenye sanduku la vifaa na kusugua magoti, ukaniambia ni baridi ya sakafu. Nilikuona ukinywa maji chupa baada ya chupa, nikakutania kwamba utamaliza tangi la chuo. Ijumaa ya tatu ulisema una malaria, utaenda nyumbani Mbita mama akutazame, na Jumanne utakuwa umerudi. Uliniachia orodha ya mambo matatu ya kufanya Jumatatu. Nilifanya mawili.

Jumatano simu ililia, nikaona jina lako. Sikusema hata hujambo. Niliuliza, "Kipimo cha umeme umekiweka wapi? Nimekitafuta tangu asubuhi." Kisha nikasikia sauti ya mtu mzima. "Akoth. Si Awuor huyu. Ni mamake." Akapumua. "Awuor ametuacha asubuhi hii."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Sijui kwa nini nakuambia hilo.

Siku ya mazishi mama yako alinivuta nyuma ya nyumba, pale panapoonekana kisiwa cha Rusinga ng'ambo ya maji, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniambia kitu ambacho kwa miaka miwili na nusu ya kulala chumba kimoja nami hukuniambia. Kwamba ulizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Kwamba maumivu yalikuwa yakija yenyewe, tangu ukiwa mdogo, na yanapokuja hakuna anayejua ni siku ngapi. Kwamba kuna mahali ulipoenda kufanya mazoezi ya kazi, walipojua wakakuambia urudi nyumbani upumzike, na hawakukuita tena. "Tangu hapo akasema hakuna mtu wa chuo atakayejua," mama yako aliniambia. "Alikuwa anaogopa mngempa kiti badala ya kazi."

Pale ndipo nilipoelewa mvua. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Watu walikuwa wakiimba upande wa mbele. Mama yako alinitazama kama anayengojea niseme kitu, nami sikumtajia kifutio. Nilisema pole, Mama. Nikanywa chai yote, ya moto, nikarudi Migori.

Tangu siku hiyo sijaweza kukaa, Awuor. Darasani nakaa karibu na mlango. Nikilala naamka nimeshika magoti yangu mwenyewe, nikiyapima kama yanauma. Usiniulize ninatafuta nini.

Na nikaharibu kazi. Wiki ya pili baada ya mazishi niliingia karakana peke yangu, nikasema nitamaliza bega lote siku moja ili nikuonyeshe, kana kwamba ungeingia mlangoni. Mota ile ni ya volti sita. Ulikuwa umeiandika hivyo kwa kalamu nyekundu, mara mbili. Niliiunganisha na waya wa volti kumi na mbili. Haikupiga kelele. Ilitoa harufu tu, kama plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko, kisha moshi mwembamba. Nilikaa sakafuni nikaishika ikiwa bado ya moto.

Wiki iliyopita Mwalimu Marwa akaniita ofisini. Hakuwa mkali. Alikuwa akitazama dirisha zaidi kuliko mimi. "Pole tena, Akoth. Lakini lazima tuongee. Mradi huu uliidhinishwa kwa watu wawili. Uko mmoja, mota kubwa imeungua, na pesa ya kununua nyingine hamna. Kundi la pampu wamekubali kukuchukua. Ukikataa, Ijumaa ijayo uniletee mpango mpya na bajeti mpya inayotosha kwa kilichobaki. Vinginevyo utarudia mwaka." Nikasema nitaleta. Nilisema upesi sana, hata yeye akanyanyua nyusi.

Nikajaribu kuwa wewe. Nilichora safu kwa rula. Nikaondoa kifundo ili nipunguze gharama, mkono ukawa unainua shira na hauwezi kuimimina. Nikarudisha kifundo, nikaondoa kiwiko, kopo likawa linafika mbali na visanduku. Kila nilivyopanga, nilipungukiwa na bei ya mota moja, ile ile niliyoiunguza. Nilirarua kurasa tano. Samahani, najua ulivyoyatunza madaftari. Jumamosi iliyopita asubuhi nilikunja ule wa sita nikaenda nao nyumbani.

Mama alikuwa amemaliza zamu, anaosha kopo. Nikatandika mchoro mezani. Hajazoea michoro, lakini alifuata mistari kwa kidole hadi akafika chini kabisa, kwenye kiuno. "Hapa unazunguka kwenda wapi?"

Nikamwambia unazunguka kufuata visanduku, kimoja baada ya kingine.

"Nani aliwaambia mimi nazunguka?" aliuliza. "Nikizunguka na shira mkononi si nitaungua tena? Mimi nasimama mahali pamoja. Mwenzangu ndiye anasukuma ubao wa visanduku unapita mbele yangu."

Awuor, tulikaa pale mchana kutwa. Ulipima kopo, ulihesabu anamimina mara ngapi, uliandika kila kitu ambacho mama anafanya. Hatukuandika kile ambacho mwenzake anafanya, kwa sababu tulikuwa tumekuja kumtazama mama. Na mota ya kiuno ni sawa kabisa na ile ya bega, uliziagiza pamoja ili tupunguziwe bei. Kiuno kikiondoka, bega linapata mota yake. Ubao wa visanduku utapita juu ya rola za zile printa za fundi wa redio, na mtu atausukuma kwa kijiti akiwa mbali na moto. Nilijumlisha pale pale mezani. Ilitosha, na ilibaki pesa ya nati na bolti. Niliandika pia ratiba ya wiki nane zilizobaki kabla ya mwaka kuisha, na kila wiki nikaacha siku mbili. Sikuziita mvua. Nimeandika wazi kabisa: siku za mtu kuugua au kuchoka.

Mama aliuliza, nyar Mbita angesema nini? Nikamwambia ungekasirika kwamba hukuona mwenyewe. Nilitaka kucheka na sikuweza. Ndipo nikamwambia habari ya kifutio. Yote, pamoja na yule mvulana aliyecheka. Mama aliendelea kukausha kopo ambalo lilikuwa limekauka. "Mamake anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi nenda ukamwambie. Mimi si wa kuambiwa hilo."

Nikaenda Jumapili. Njia nzima, kupitia Rongo na Homa Bay, nilikuwa nikitunga sentensi, na nilipofika Mbita hakuna hata moja iliyobaki. Mama yako alikuwa ufukweni ameanika omena kwenye nyavu, anazigeuza. Sikungoja anikaribishe. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mama, Awuor alikuwa ameweka siku za kupumzika kwenye mpango wetu. Mimi nilimfanya azifute. Nilimwambia anasingizia. Alifanya kazi wiki tatu bila kupumzika, kisha akaja huku."

Aliendelea kugeuza omena hadi mwisho wa wavu. "Alizifuta mwenyewe?"

"Alizifuta mwenyewe. Lakini mimi ndiye niliyemsukuma."

"Na hakukwambia anaumwa."

"Hakuniambia."

Akanyoosha mgongo. Nilidhani ataniambia niondoke. Aliniambia kwamba likizo ya mwisho alikuwa amekufichia viatu ili usirudi chuoni. Kwamba mligombana, ukaondoka bila kula, ukiwa na ndara. Nami nakumbuka ukiingia chumbani na ndara zile, ukaniambia viatu vimekatika. "Mimi najiuliza kama nilimfunga sana," akasema. "Wewe unajiuliza kama ulimkimbiza sana. Daktari alituambia yangeweza kuja hata akiwa amelala kitandani kwangu. Huenda ni kweli, huenda alikuwa anatuhurumia. Hatutajua, nyathina, mwanangu."

Nililia hapo. Hakunikumbatia, na hakusema ni sawa. Alingoja nimalize, kisha akasema, "Shika upande ule wa wavu." Tukageuza omena hadi jua likawa utosini. Mikono yangu inanuka hadi leo. Nilipokuwa nikiondoka aliniuliza, "Huo mkono wenu, utamimina?" Nikamwambia bado sijui. Akasema, "Ukijua, niambie."

Na jana ndipo nikaingia mbele ya jopo la walimu. Walikuwa watatu. Waliuliza kuhusu bega, nikajibu. Waliuliza kuhusu rola, nikaeleza habari ya mwenzake mama, na mwalimu mmoja akaandika kitu. Kisha mzee wa katikati akaweka kidole kwenye ukurasa wa bajeti. "Hapa kuna majina mawili. Huyu wa kwanza si ndiye aliyefariki? Hatuwezi kumpa alama marehemu."

Nikamwambia simuombei alama. Nikamwambia wewe ndiye uliyeamua ndoana badala ya vidole, wewe ndiye uliyeagiza mota mbili zinazolingana, na kama usingefanya hivyo leo nisingekuwa na mpango wowote wa kuwaletea. Mimi nimerekebisha tu. Sauti yangu ilikuwa inapanda, nikaishusha. Yule mzee akamgeukia Mwalimu Marwa. Mwalimu Marwa akapitia safu zote kwa kalamu, polepole, hadi chini. "Jina halijaongeza gharama," akasema. "Libaki." Akagonga muhuri.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Nani alifanya nini kwanza.

Bado sijui kama nilikuua, Awuor. Nimeliandika hilo neno na sitalifuta. Siku nyingine nitaamka nikiamini maneno ya daktari, siku nyingine sitayaamini, na kwenye siku zote mbili nitalazimika kwenda karakana. Ningependa uniseme. Ningependa uniite kando uniambie, Akoth, ulinikosea, na mimi nikakuficha, tumekoseana sote wawili, nipe hiyo bisibisi.

Kitanda chako amepewa msichana wa mwaka wa kwanza, anayesomea umeme. Jana alisema kichwa kinamuuma, nikamuuliza maswali mengi hadi akaogopa. Nitajifunza kuuliza kwa kipimo.

Pumzika, rafiki yangu. Huku Migori hakuna anayekuhitaji uamke mapema. Siku ya kwanza ya majaribio tutatumia uji, shira itasubiri, na mama amesema atakuja kusukuma ubao wa visanduku mwenyewe. Ukimwagika chini, nitaandika kwamba umemwagika chini. Ukiingia kwenye kisanduku, nitapanda gari siku hiyo hiyo hadi Mbita, nimwambie mama yako ana kwa ana. Sitampigia simu.

Oriti, kwaheri, Awuor.

Mwenzako,
Akoth